Waliobebwa Kabla ya Wageni

"Si yeye," Waridi alisema, na bado hakuwa amefika kitandani.

Assia alikuwa nyuma yake, ameshika pazia la wodi. Walikuwa wamekuja hospitali ya Kamenge kwa haraka asubuhi hiyo kwa sababu ya simu moja. Muuguzi aliyemfahamu Assia tangu alipokuwa polisi alimwambia kuna mzee asiyejulikana jina, ana homa kali, ameokotwa, na hajui kusema kitu kingine ila kumwita mke wake. Waridi alipoambiwa hivyo alijifunga kitambaa upya, akachukua chupa ya chai na maandazi.

"Mwangalie vizuri, mama," Assia alisema. "Mutu akigonjwa anabadilika."

"Dada, nimezeeka na Seifu. Hata wanifunike macho, nimushike kisigino tu, nitamujua." Waridi aliinama, akasogeza shuka. "Huyu ni Bonfils. Alikuwa analala pembeni yetu, ku mulango wa duka la simu. Bibi yake alikufa zamani. Njo huyo anamuita."

Alisimama pale akimtazama yule mgonjwa kwa namna ambayo Assia alilazimika kuangalia dirishani.

Ilikuwa wiki ya pili sasa ya kumtafuta Seifu. Assia alikuwa amefanya upelelezi wa polisi kwa miaka mingi kabla ya kuacha na kwenda kumfanyia kazi wakili Ingrid, mwenye ofisi ndogo Nyakabiga. Kazi yake ilikuwa kutafuta mashahidi na kukagua maneno ya watu. Waridi alifika ofisini hapo bila miadi, akaketi, akasema mume wake amebebwa kama takataka na anataka arudishiwe.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Seifu alikuwa fundi mwashi. Nyumba yao ilikuwa Gatumba mpaka ziwa lilipopanda likaimeza, na tangu hapo wawili hao walilala kwenye baraza la duka lililofungwa, katikati ya mji. Halafu Kombe la Ziwa likakaribia. Timu za nchi jirani zingefika, mawaziri wangefika, na mji ukaanza kupakwa rangi. Alfajiri ya Jumatano moja Waridi alikwenda msikitini kuchota maji. Aliporudi, baraza lilikuwa tupu. Mwenye mkokoteni aliyekuwa akipita alimwambia kamyo ya kampuni ya usafi imewachukua wote, wazee, kina mama, watoto.

Kampuni ilimjibu wakili Ingrid kwa simu, kwa upole mwingi. Watu hao, ilisema, walikubali wenyewe kupelekwa kwenye kituo cha mapokezi huko juu milimani, upande wa Bugarama, ambako wanakula na kulala vizuri. Kituo hicho kiko mahali gani hasa? Mkurugenzi yuko mkutanoni.

Assia alimgeukia Bonfils. "Mzee, walikupeleka wapi?"

Midomo ya Bonfils ilikuwa imepasuka. "Maji," alisema. "Yanaingilia chini."

"Chini ya nini?"

Bonfils alikuwa amerudi kumwita mke wake.

Muuguzi alisema mzee huyo aliletwa kwa baiskeli na mkulima mmoja ambaye alimuacha getini, akaondoka kabla hajaulizwa kitu. Blanketi alilokuja nalo lilikuwa chini ya kitanda. Assia alilivuta, akalikunjua sakafuni, akapitisha vidole kwenye pindo. Pumba za mpunga ziliganda kwenye uzi wa sufu. Akafunua miguu ya mgonjwa. Ngozi ya nyayo ilikuwa nyeupe, imekunjamana na kubanduka, kama ya mtu aliyeshinda majini. Shingo na mikono vilijaa alama za mbu.

"Mama Waridi, umeshafika Bugarama?"

"Zamani. Baridi kule, yampayinka! Usiku tulikuwa tunakaa ku moto."

"Uliona mpunga?"

Waridi alifikiri. "Viazi. Na mashu, zile kabichi kubwa."

"Na mbu?"

Mwanamke yule alitazama blanketi, akatazama miguu, kisha akamtazama Assia. "Basi iko hapa chini," alisema taratibu. "Seifu iko karibu."

"Sijasema hivyo bado."

Lakini Waridi alikuwa tayari amefungua ule mfuko wa maandazi. Alimlisha Bonfils vipande vidogo, akamnywesha chai kidogo kidogo, akamfuta kidevu. Nusu ya maandazi aliyafunga tena kwenye mfuko. Hakueleza ni ya nani.

*

Télesphore, dereva wa kamyo ya kampuni, alikuwa akiosha magurudumu kwenye ua wa nyuma ya karakana. Alikuwa mtu mnene, mwenye haya, na alipomuona Assia akija na mwanamke mzee pembeni yake, aliacha mpira wa maji ukimwagika bure.

"Mi nilishaeleza chef yangu kila kitu," alisema.

"Najua. Nieleze na mimi. Ile siku ulibeba watu, ulipita njia gani?"

"Njia ya juu. Ya Bugarama."

"Ile Jumatano?"

"Ile Jumatano."

"Njia ilikuwa namna gani?"

"Ya kawaida. Ukungu kidogo." Télesphore alipata nguvu kidogo, kwa kuwa swali lilikuwa jepesi. "Nikawashusha, nikageuza. Saa sita nilikuwa nimesharudi hapa mujini."

"Ulinunua mashu? Madereva wote wananunua mashu pale juu."

"Nilinunua. Na karoti, za bibi yangu."

Assia aliketi juu ya gurudumu la akiba. Waridi alibaki amesimama. "Télesphore, ile Jumatano nilikuwa natoka kilioni Muramvya. Mlima ulianguka njiani alfajiri, udongo na miti, barabara yote. Kamyo za mboga zilifunga njia kutoka huku na kutoka kule. Sisi tulishinda pale mpaka jioni, tunakula karoti za watu. Hakuna gari hata moja iliyopanda, hakuna iliyoshuka. Wewe ulipitia wapi?"

Maji ya mpira yalikuwa yamefika kwenye viatu vya dereva. Hakuyaondokea.

"Labda nimechanganya siku," alisema.

"Mkurugenzi wako pia amechanganya siku? Naye alisema Jumatano."

Assia alilikunjua blanketi la Bonfils kwenye ubavu wa kamyo na kumwonyesha pindo. Télesphore aliangalia pumba zile.

"Huyu mwenye blanketi amekufa?" aliuliza.

"Bado."

"Mi ni dereva tu, dada. Waliniambia ni siku mbili, tatu." Alifunga bomba la maji hatimaye. "Buterere. Iko hangari ya zamani ya mpunga, nyuma ya mashamba. Mvua ya majuzi imeingia ndani, nimesikia, na mwenye homa alitolewa nje asifie mule."

Waridi alisogea hatua moja. Kwa mara ya kwanza alisema na dereva mwenyewe.

"Mwanangu, uliona mzee mumoja, murefu, koti ya kijani? Kidole iki hana." Alionyesha kidole chake cha mwisho.

Dereva aliinamisha kichwa. "Huyo nitamusahau namna gani? Alikuwa anagonga ku kabine njia yote. Anasema simama, bibi yangu ameenda kuchota maji, atarudi hatanikuta. Anagonga tu. Mpaka tunafika."

"Na wewe hukusimama."

"Sikusimama, mama."

Waridi alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyepewa kitu mkononi na anaangalia uzito wake. Walipofika kwenye gari ndogo ya Assia alisema, "Njia yote. Umesikia, dada? Aligonga njia yote."

*

Wakili Ingrid aliwakuta Buterere akiwa na viatu vyake virefu mkononi. Njia ya mwisho kuelekea hangari ilikuwa matope matupu, na pande zote mbili mpunga ulisimama ndani ya maji ya rangi ya chai. Jengo lilikuwa la bati na tofali, refu, halina madirisha ila matundu ya hewa chini ya paa. Mlango ulikuwa na kufuli mpya.

Mlinzi wa getini alikuwa na kitambulisho cha kampuni na fimbo. "Hapa ni stoki," alisema. "Mupunga na mifuko ya simenti."

"Stoki yako inakohoa," Ingrid alimjibu.

Kweli, kikohozi kilisikika kutoka ndani, kikafuatwa na kingine. Waridi aliukimbilia ukuta. Aliweka mdomo kwenye ufa wa tofali na kuita jina la mume wake, mara moja, kwa sauti ambayo Assia hakuitegemea kutoka kwa mwili ule mdogo. Ndani palitulia. Kisha sauti ya mwanamke ikajibu upande wa pili wa ukuta.

"Ni nani huyo? Mama Waridi?"

"Ni mimi! Seifu iko wapi?"

"Hayuko tena, mama. Walikuja wakauliza nani anajua kujenga. Wakamutoa pamoja na vijana wawili. Hawajarudi." Sauti ilishuka. "Mama, tusaidie. Maji iko mpaka ku magoti. Mutoto wangu anawaka moto tangu jana, hata kunyonya hataki."

Mlinzi aliwasukuma kwa fimbo, si kwa nguvu, lakini alisukuma. Ingrid hakurudi nyuma.

"Monsieur, nani ametoa amri ya kufunga hawa watu? Hakimu gani?"

"Mi sijuwi mambo ya hakimu. Chef amesema mpaka wageni waondoke."

"Kulala nje si sababu ya kufungia mutu ndani ya hangari. Na hata mwizi, parke lazima ijue alipo."

"Basi mwende parke," alisema mlinzi.

Ingrid alikuwa ameshapiga simu huko, kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka. Alirudi kwenye gari akakaa kiti cha mbele, miguu nje, akijifuta matope kwa karatasi. Mwendesha mashtaka wa zamu, alisema, si mtu mbaya, lakini anaogopa kugusa kitu chochote cha Kombe bila kujikinga. Kampuni imempigia tayari na kusema hangari ni stoki. Anataka mtu mmoja, aliyekuwa ndani, aje asimame mbele yake na aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alifungiwa. Akimpata mtu huyo leo, anakuja kufungua leo. Kesho ni sherehe ya ufunguzi, na baada yake hakuna ofisi itakayofanya kazi mpaka wiki ijayo.

"Bonfils hawezi kusimama," Assia alisema.

"Basi nitafutie fundi wako."

Assia aliegemea mlango wa gari. Mji mzima ulikuwa ukijengwa na kupakwa rangi, kwa hiyo fundi mwashi angeweza kuwa popote. Lakini kampuni isingemtoa mtu iliyemfunga ikamweka mahali penye macho mengi. Isingempeleka pia mbali, kwa sababu ya chakula na ulinzi. Na mlinzi wa stoki hii ya uongo alikuwa ametaja mifuko ya simenti. Alienda nyuma ya jengo. Alama za magurudumu ya mkokoteni wa injini zilitoka pale, na kwenye matope kulikuwa na vumbi la kijivu lililomwagika, limeganda. Alama hizo hazikuelekea mjini. Zilifuata tuta la shamba, upande wa barabara ya uwanja wa ndege.

"Wageni watapita njia gani kutoka ku ndege?" aliuliza.

Ingrid aliacha kujifuta. "Hii hii," alisema.

*

Ukuta ulikuwa mpya, mrefu kupita kichwa cha mtu, na uliifuata barabara kama utepe. Upande wa barabara ulikuwa umepakwa chokaa, na mchoraji alikuwa akianza kuchora mipira na ngoma. Upande wa nyuma palikuwa na vibanda vya mabati na turubai, watoto na nguo zilizoanikwa, mambo ambayo mgeni akipita kwa gari hangeyaona.

Seifu alikuwa juu ya jukwaa la miti upande wa nyuma, mwishoni mwa ukuta, akiweka tofali. Koti lake la kijani lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Hakuwa amefungwa kamba wala mnyororo. Kijana mmoja wa kampuni alikaa chini ya kivuli akichezea simu.

Assia alidhani Waridi atapiga kelele. Mama yule alitembea tu mpaka chini ya jukwaa akasimama, amebana mfuko wake wa maandazi kifuani. Seifu aliweka tofali, akaligonga kwa mpini wa mwiko, akashusha macho kuchota udongo. Mwiko ukabaki hewani.

"Waridi."

"Shuka," alisema. "Umekonda."

Alishuka polepole, na alipofika chini hakujua aanzie wapi. Mikono yake ilikuwa na simenti, akaiweka nyuma asimchafue. Waridi aliivuta mbele akaishika hivyo hivyo.

"Nilirudi na maji," alisema. "Ukawa hauko."

"Niligonga. Hawakusimama."

"Najua. Nimeambiwa."

"Niliwaza utafikiri nimekuacha."

"Sikufikiri hivyo hata siku moja." Alimpa andazi, na Seifu akalila akiwa amesimama, machozi yakimchuruzika bila yeye kuyajali. "Nalala bado upande wangu tu. Upande wako sigusi."

Kijana wa kampuni alikuwa ameshapiga simu. Assia hakumzuia. Alimvuta Seifu pembeni na kumuuliza maswali yake, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi: nani aliwafungia, kufuli iliwekwa lini, nani alimtoa, aliambiwa nini. Seifu alijibu moja baada ya moja. Aliambiwa akijenga atakula, akikimbia watamchukua na mke wake. Ndiyo sababu hakukimbia, ingawa wale vijana wawili walikimbia.

"Uko tayari kusema hayo mbele ya parke?"

Kabla hajajibu, gari jeupe lilisimama kando yao. Rénovat, mkurugenzi wa kampuni, alishuka peke yake. Alikuwa kijana kuliko sauti yake ya simu, shati lake limepigwa pasi, na aliwasalimia wote kwa kuwapa mkono, Waridi wa kwanza.

"Mama, pardon," alisema. "Kwa moyo wangu wote. Haikupaswa mutu kutenganishwa na bibi yake. Hiyo ni kosa ya vijana."

"Na kufuli?" Assia aliuliza. "Nayo ni kosa ya vijana?"

"Madamu, wageni wakiondoka, kila mutu atarudi alipokuwa. Nimeapa." Alimgeukia Seifu. "Mzee, nimeona kazi yako. Fundi kama wewe halali barazani. Niko na chumba, Kamenge, mu kiwanja ya kaka yangu. Kizuri. Chenu, wewe na mama, bure, mpaka mwisho wa mwaka, na tunaweza kuongeza. Munaingia leo. Mi naomba kitu kimoja. Ukiulizwa, sema ulikuja kwa kazi. Kwa mapenzi yako. Hakuna kufungwa."

Aliutoa ufunguo mfukoni na kuushika wazi kiganjani.

Seifu aliutazama. Waridi pia aliutazama, na Assia aliona uso wake ukilegea kama wa mtu anayesikia wimbo wa kwao ukipita mbali. Tangu Gatumba hawakuwa wamemiliki mlango.

"Inaweza kuonekana?" Waridi aliuliza.

"Sasa hivi," alisema Rénovat.

*

Assia aliwafuata kwa gari lake. Ingrid alimpigia njiani. "Umemupata?"

"Nimemupata."

"Basi mulete! Mwendesha mashtaka ananiambia anafunga saa kumi na moja."

"Wanaenda kuangalia chumba kwanza."

Wakili akasema, kwa sauti ndogo, "Usiwasukume." Assia akajibu kwamba hakuwa amefikiria kufanya hivyo. Wazee hao walikuwa wamesukumwa vya kutosha.

Chumba kilikuwa mwisho wa ua, nyuma ya mti wa parachichi. Kilikuwa na sakafu ya simenti iliyong'arishwa, kitanda cha mbao na godoro ambalo bado lilikuwa ndani ya nailoni, dirisha moja lenye wavu. Mlango ulikuwa wa mbao nzito, na ulifunga bila kulia. Waridi alisimama kizingitini, akavua kandambili zake nje, akaingia. Alipitisha kiganja ukutani. Alifungua dirisha, akalifunga.

"Seifu," aliita. "Njoo."

Seifu alivua viatu vyake vyenye simenti akaingia. Mlango ukafungwa nyuma yake, na ufunguo ukazunguka kwa ndani.

Rénovat alitabasamu, akaketi kwenye ngazi ya nyumba kubwa. "Unaona, madamu. Watu wanataka vitu vidogo. Ni sisi tunaofanya mambo kuwa makubwa."

"Kuna mtoto ndani ya ile hangari," Assia alisema. "Ana homa tangu jana."

"Nitatuma dawa."

"Tuma mlango ufunguliwe."

Rénovat alinyoosha pindo la shati lake. Walikaa hivyo. Kivuli cha mti kilivuka ua, mpangaji mmoja akatoka kuanua nguo, akawatazama, akarudi ndani. Simu ya Assia iliita, akaizima. Kutoka chumbani hakukusikika sauti yoyote. Assia alikuwa amekaa nje ya milango mingi katika kazi yake, akisubiri watu watoke au wasitoke, na kila mara alijua anachotaka. Safari hii hakujua. Alitaka hangari ifunguliwe, na alitaka pia mlango huu ubaki umefungwa.

Ufunguo ulizunguka.

Waridi alitoka wa kwanza. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimefungwa upya, na kwenye shavu moja alikuwa na alama ya mkunjo wa nailoni ya godoro. Seifu alitoka nyuma yake, akavaa viatu, akafunga kamba zake bila haraka. Waridi aliufunga mlango, akauangalia, akaja kumwekea Rénovat ufunguo mkononi.

"Ni nyumba nzuri," alisema. "Mungu akubariki kwa kutuacha tulale kidogo."

"Basi hamchukui?"

"Apana."

"Mama, fikiri vizuri. Mvua inakuja. Mwaka muzima!"

"Nimefikiri. Tumelala mule, tumenyamaza wote wawili, nikawa nasikia yule mama wa hangari. Nikamuuliza Seifu kama yeye anasikia. Akasema anasikia." Alimgeukia Assia. "Parke bado iko wazi, dada?"

Rénovat alisimama. "Mzee, wewe njo mwanaume. Sema kitu."

Seifu alikuwa amemaliza kamba za viatu. "Nitasema," alijibu. "Lakini si kwako."

*

Mwendesha mashtaka alikuwa tayari amesimama, koti mkononi, walipoingia. Seifu alivua kofia. Alisema anaitwa Seifu, fundi mwashi, mzaliwa wa Rumonge, na kwamba alibebwa kutoka barazani bila kuulizwa na kufungiwa kwa kufuli pamoja na watu wengine ambao bado wako ndani. Alisema hivyo mara moja, wazi, na alipoulizwa kama kuna mtu aliyemlazimisha kuja kusema, alisema hapana. Yule afisa akalivaa koti lake na kuita dereva.

Kufuli ya Buterere ilikatwa kabla jua halijazama. Mlinzi hakubisha. Walitoka mmoja mmoja, wakifumba macho kwa mwanga, suruali na kanga zimelowa mpaka magotini. Mwanamke wa ukutani alitoka na mtoto mgongoni, na Ingrid alimuingiza moja kwa moja kwenye gari lake kuelekea hospitali ya Kamenge. Mwendesha mashtaka alimtaka Rénovat afike kwake asubuhi, Kombe liwepo lisiwepo. Wengine walianza kutembea kurudi mjini juu ya tuta la shamba, wamebeba mikeka iliyolowa, na hakuna aliyewaambia waende wapi.

Seifu aliwasaidia wazee kushuka tuta mpaka miguu yake ikakataa. Assia akamuingiza kiti cha nyuma, Waridi pembeni yake, akawasha gari.

Waliingia mjini wakati taa za barabarani zikiwaka. Bendera za nchi jirani zilikuwa zimetundikwa kila nguzo. Assia alipunguza mwendo walipofika kwenye mzunguko wa katikati ya mji. Alijua kwamba baraza lao limewekewa geti la chuma siku hiyo, Ingrid alikuwa amempa habari, na hakuwa bado amewaambia.

"Mama," alisema, "niwapeleke wapi?"

Aliangalia kwenye kioo. Kichwa cha Seifu kilikuwa kimeangukia begani mwa mke wake, mdomo wazi kidogo, simenti bado kwenye nywele. Waridi alikuwa amemzungushia mkono na kujibana mlangoni ili apate nafasi ya kunyoosha miguu.

"Zunguka kwanza, dada," alinong'ona. "Amelala."

Assia aliuvuka mzunguko, akashika barabara ya ziwa, akaendesha polepole.